Uhandisi Kemikali Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kuomba Udahili

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kila mwaka matokeo ya Kidato cha Sita yanapotangazwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kufungua dirisha la udahili, vijana waliosoma tahasusi ya Fizikia, Kemia na Hisabati, maarufu kwa jina la PCM, hukabiliwa na uamuzi unaofanywa kwa siku chache lakini unaodumu kwa miaka mingi. Miongoni mwa programu wanazokutana nazo katika orodha ndefu ya vyuo ni uhandisi kemikali, na jina la programu hiyo limewapotosha wengi. Yuko kijana anayeichagua kwa sababu alipata alama A katika Kemia na anataka kukimbia Hisabati. Yuko pia mzazi anayemkataza binti yake kwa hofu kwamba atashinda maabara akivuta hewa ya sumu. Wote wawili wanaamua juu ya kitu ambacho sicho.

Makala hii inaeleza programu hiyo ni nini, mwanafunzi anakutana na nini katika miaka minne ya masomo, na sheria inamtaka afanye nini baada ya kuhitimu. Mfano unaotumika ni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo chenye makumi ya maelfu ya wanafunzi, ambako Kitivo cha Uhandisi kilianzishwa mwaka 1973 na mwaka 2001 kikabadilishwa kuwa chombo kinachofahamika leo kama Ndaki ya Uhandisi na Teknolojia (CoET).

Tuanze na jina. Mkemia hutafuta kujua dutu fulani imeundwa na nini na hubadilikaje inapokutana na nyingine. Kazi yake yaweza kuanza na kumalizika ndani ya chupa ya maabara. Mhandisi kemikali huanzia pale mkemia alipoishia. Swali lake ni hili: jambo lililofanikiwa kwa gramu 10 litafanyikaje kwa tani 1,000 kila siku, usiku na mchana, kwa gharama ambayo mnunuzi ataimudu, bila kumuunguza mfanyakazi wala kuchafua mto?

Yeyote aliyewahi kupika shughuli analijua tatizo hili hata kama hakuwahi kuingia darasa la uhandisi. Pilau ya watu watano na pilau ya watu mia tano si pishi moja lililozidishwa mara mia. Sufuria ikikuzwa mara mbili kwa urefu, upana na kina, ujazo wake huongezeka mara nane, ilhali eneo la kuta zake linalopitisha joto huongezeka mara nne tu. Ndiyo maana wali wa chini huungua na wa katikati ukabaki na kiini. Mpishi mzoefu hupunguza moto, hupalia makaa juu ya mfuniko, au hugawa mchele katika sufuria kadhaa. Kiwandani tatizo ni lilelile, ila madhara yake hayaishii kwenye ukoko. Mtambo mkubwa ambamo kemikali zinazalisha joto kuliko kuta zake zinavyoweza kulitoa unaweza kupasuka. Hapo uzoefu wa mkono hautoshi. Inabidi kukokotoa kabla ya kuwasha.

Kwa hiyo Hisabati ndiyo inayobeba programu hii, na Fizikia inaifuata kwa karibu. Kemia imo na inahitajika, lakini mwanafunzi aliyeingia kwa mapenzi ya Kemia peke yake hushangaa kuona muda wake mwingi ukienda katika milinganyo ya mtiririko wa vimiminika, joto na mvuke. Ni afadhali ushangao huo umpate sasa, akiwa bado ana orodha ya programu mkononi, kuliko umpate katika mwaka wa pili akiwa anajiandaa kwa mitihani ya marudio.

Mwaka wa kwanza, kwa kawaida, haumtofautishi sana mwanafunzi wa uhandisi kemikali na wenzake wa ujenzi, umeme au mitambo. Husoma hisabati ya kihandisi, uchoraji wa kihandisi, stadi za mawasiliano na masomo ya maendeleo, na huingia karakana kujifunza kuchomelea, kukereza chuma na kutumia zana. Wapo wanaolalamika kwamba hawakuja chuoni kushika tupa. Lakini mtu atakayeagiza tangi litengenezwe ni vyema ajue fundi anapata taabu gani anapounga kona ya tangi hilo.

Somo linalofungua mlango wa taaluma yenyewe ni mizania ya maada na nishati. Kanuni yake ni nyepesi kuisema: kinachoingia katika mtambo lazima ama kitoke, ama kibaki humo, hakuna kinachopotea. Mfano mzuri uko kaskazini mwa Mlimani, katika kiwanda cha saruji cha Wazo, ambacho kimekuwa kikizalisha tangu miaka ya 1960. Malighafi kuu ya saruji ni mawe ya chokaa. Kilo 100 za chokaa safi zikichomwa, kilo 56 tu hubaki kama oksidi ya kalisi. Kilo 44 zilizosalia hupanda kwenye dohani kama hewa ukaa. Mwanafunzi anayekokotoa hesabu hiyo kwa mara ya kwanza hugundua kwamba hewa hiyo haitokani na kuni, makaa wala gesi ya kuchomea. Inatoka katika jiwe lenyewe. Hata tanuri hilo, ambalo jotoridi lake lazima lifikie takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi ili kupata klinka, likiwashwa kwa nishati safi kabisa, hewa ukaa ya jiwe itaendelea kutoka. Mjadala wa mabadiliko ya tabianchi huonekana kwa sura nyingine baada ya hesabu hiyo ya mistari mitatu.

Sukari inatoa somo refu zaidi. Katika tani 100 za miwa inayoingia katika kiwanda kama TPC kilichopo Moshi, takriban tani 70 ni maji, na sukari inayopatikana ni kama tani 10. Kilichobaki ni makapi, molasi na tope la kuchujia. Kazi kubwa ya kiwanda, basi, ni kuyaondoa maji, na kuyachemsha maji yote hayo kwa moto wa kawaida kungemaliza faida ya mkulima na ya mwenye kiwanda kwa pamoja. Ufumbuzi ulipatikana Marekani katika miaka ya 1840, pale Norbert Rillieux, mhandisi aliyezaliwa New Orleans na mama mwenye asili ya Afrika, alipovumbua mtambo wa kuvukiza kwa hatua. Mvuke unaotoka katika chombo cha kwanza hautupwi. Hupelekwa kuchemsha juisi ya chombo cha pili, na wa pili huchemsha cha tatu.

Msomaji anaweza kuuliza: mvuke uliokwisha kutumika unawezaje kuchemsha tena? Jibu liko katika kanieneo. Wapanda mlima wanajua kwamba juu ya Kilimanjaro, kwenye kilele cha Uhuru chenye urefu wa mita 5,895, maji huchemka kwenye takriban nyuzi 80 badala ya 100, kwa kuwa hewa huko ni haba. Katika kiwanda, pampu huondoa hewa ndani ya vyombo vinavyofuata ili juisi ichemke kwa joto dogo zaidi, yaani kila chombo hupandishwa mlima bila kuondoka mahali pake. Kisha makapi ya miwa yaliyokamuliwa huchomwa kuzalisha mvuke wa kuanzia pamoja na umeme wa kiwanda. Mwanafunzi anayeuelewa mtambo huu mmoja amekwishagusa sehemu kubwa ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu: uhamishaji wa joto, mtiririko wa vimiminika, thermodinamiki na utenganishaji wa dutu.

Yapo pia masomo ya mimenyuko ya kemikali na vichocheo, na ya udhibiti wa mitambo kwa vihisio na kompyuta. Mafunzo hutolewa kwa lugha ya Kiingereza. Jambo hili linastahili kutajwa kwa sababu mhitimu atatumia maisha yake akiwaelekeza mafundi na waendesha mitambo kwa Kiswahili, na istilahi nyingi za fani hii bado hazijazoeleka katika lugha yetu. Wahitimu wengi hujifunza upya kueleza kazi yao siku ya kwanza wanapokabidhiwa zamu.

Mwaka wa nne hukusanya yote. Wanafunzi hupewa jukumu la kusanifu kiwanda kizima kwenye karatasi: malighafi itoke wapi, kila chombo kiwe na ukubwa gani, maji taka yaende wapi, na fedha zitarudi baada ya muda gani. Usalama haufundishwi hapo kama nyongeza. Katika vyuo vya fani hii duniani kote hutajwa mji wa Bhopal nchini India, ambako usiku wa tarehe 2 kuamkia tarehe 3 Desemba, 1984 maji yaliingia katika tangi la kemikali ya kutengenezea viuatilifu, joto likapanda, gesi ya sumu ikavuja na maelfu ya wakazi waliokuwa wamelala wakapoteza maisha. Mmenyuko uliosababisha maafa yale ulifahamika kwa wakemia. Kilichokosekana usiku ule ni upoozaji uliokuwa umezimwa, vifaa vya kunasa gesi vilivyokuwa havifanyi kazi ipasavyo, na wakazi walioishi karibu bila kujua kuna nini ndani ya uzio. Mzazi mwenye hofu juu ya sumu afahamu kwamba taaluma hii ndiyo inayowafundisha watu kuizuia.

Kila mwisho wa mwaka, kwa miaka mitatu ya mwanzo, wanafunzi wa uhandisi hutoka kwenda kufanya mafunzo kwa vitendo, ambayo kwa kawaida huchukua wiki nane. Hujaza kitabu cha kumbukumbu za kila siku, huandika ripoti, na hutembelewa na wahadhiri. Kwa mwanafunzi wa uhandisi kemikali, wiki hizo ndizo zinazoamua mengi, kwa kuwa hapo ndipo anapogundua kama anaweza kuishi na kelele, zamu za usiku na joto la kiwandani. Ushauri wa mwandishi ni kwamba nafasi hizo zitafutwe mapema, na zitafutwe mahali penye mtambo unaofanya kazi. Mwanafunzi aliyepangiwa ofisi yenye kiyoyozi akakaa akichapa barua kwa wiki nane amepoteza moja ya nafasi tatu tu alizonazo.

Swali linaloulizwa zaidi na wazazi ni kuhusu ajira. Baadhi ya sehemu za kazi zinajulikana kwa jina: viwanda vya saruji, sukari, bia, mafuta ya kula, sabuni, rangi na karatasi. Nyingine hazitajwi sana. Maji ya bomba yanayoingia majumbani Dar es Salaam kutoka mitambo ya Ruvu hupitia hatua za kutuamisha tope, kuchuja na kuua vijidudu kwa klorini, na kila hatua ni uhandisi kemikali mtupu. Mama aliyetumia shabu kusafisha maji ya mto katika ndoo amefanya kwa mkono hatua ya kwanza ya mtambo huo. Mgodini, dhahabu iliyo ndani ya mwamba huyeyushwa kwa saianidi iliyopunguzwa makali, kisha hunaswa na mkaa maalumu ambao mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi. Kuisimamia saianidi hiyo isivuke uzio wa mgodi ni kazi ambayo wananchi wanaoishi jirani wana haki ya kutaka ifanywe na mtu aliyeisomea.

Katika nishati, gesi asilia iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na ikaanza kuzalishwa kibiashara mwaka 2004. Kabla haijaingia katika bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lililozinduliwa mwaka 2015, gesi husafishwa na kuondolewa maji, kwa sababu maji yakibaki huweza kula chuma na kuziba njia. Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki (EACOP), lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani mkoani Tanga, lina changamoto yake: mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda katika jotoridi la kawaida, hivyo bomba lote husanifiwa ili lipashwe joto na mafuta yabaki juu ya nyuzi 50. Kuganda kwa mafuta ni kemia. Kukokotoa kiasi cha joto kinachopotea katika kila kilomita, na wapi pa kuweka vituo vya kupasha, ni kazi ya mhandisi.

Mfano mmoja unaonesha kwamba fani hii haihitaji daima mtambo wa mabilioni. Katika maeneo ya mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, maji ya ardhini yana madini ya floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani, na athari zake huonekana katika meno yenye rangi ya kahawia na, kwa waliokunywa kwa miaka mingi, katika mifupa iliyopinda. Dkt. Askwar Hilonga, mhandisi kemikali wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Arusha, alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembechembe ndogo mno zinazonasa uchafu mahususi wa eneo husika. Mwaka 2015 kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, akiwa mshindi wa kwanza kabisa wa tuzo hiyo.

Pamoja na hayo, si haki kumwahidi kijana kwamba ajira inamsubiri langoni. Viwanda vyetu vingi ni vidogo, na baadhi ya waajiri bado hutangaza nafasi za wahandisi wa mitambo au wakemia kwa kazi ambayo mhandisi kemikali angeifanya vizuri zaidi, kwa kuwa tu hawaifahamu fani yenyewe. Mhitimu hulazimika kujieleza.

Kuhusu udahili, utaratibu wa jumla wa TCU unamtaka mwombaji wa Kidato cha Sita awe na ufaulu wa kiwango cha daraja kuu katika masomo mawili yanayohusika na programu, yenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A huhesabiwa pointi 5, B pointi 4, C pointi 3, D pointi 2 na E pointi 1. Mwenye stashahada anatakiwa kuwa na wastani wa alama usiopungua 3.0 katika fani inayohusiana, pamoja na ufaulu wa Kidato cha Nne uliowekwa. Hivyo ni viwango vya chini. Vinampa mwombaji haki ya kushindana, havimpi nafasi. Masharti mahususi ya kila programu, yakiwemo masomo yanayokubalika, huchapishwa katika mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka husika, na ndio unaopaswa kusomwa, wala si picha ya skrini iliyosambazwa na rafiki.

Ada na gharama za kujikimu huweza kuombewa mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), na miongoni mwa vipengele vinavyogharamiwa ni mafunzo kwa vitendo na mahitaji maalumu ya kitivo. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 upo pia ufadhili wa Samia Scholarship kwa wanafunzi waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi na kudahiliwa katika fani za sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati na tiba. Mkopo ni deni: mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hadi amalize. Familia inayojadili programu ipi ichaguliwe ni vyema ikaiweka hesabu hiyo mezani tangu mwanzo.

Linabaki suala la kisheria ambalo wahitimu wengi hulifahamu wakiwa wamechelewa. Cheti cha shahada hakimfanyi mtu kuwa mhandisi mbele ya sheria. Chini ya Sheria ya Usajili wa Wahandisi Na. 15 ya mwaka 1997, anayetaka kufanya kazi za kihandisi nchini hutakiwa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB). Mtu aliyetoka chuoni husajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu, hufanya kazi chini ya usimamizi kwa muda usiopungua miaka mitatu, kisha hutahiniwa ili asajiliwe kuwa mhandisi mtaalamu. Bodi inaendesha mpango wa mafunzo kwa wahandisi wahitimu, SEAP, ulioanza mwaka 2003, unaowaweka vijana sehemu za kazi kwa miaka mitatu chini ya wahandisi waliosajiliwa.

Ukijumlisha minne ya chuo na mitatu ya usimamizi, kijana anayejaza fomu mwaka huu ataweza kusaini michoro ya mtambo kwa jina lake baada ya takriban miaka saba, iwapo hatarudia mwaka wowote. Mhitimu aliyekwishapata ajira lakini hajajisajili anaweza kuanza utaratibu huo sasa, na miaka yake ya kazi huanza kuhesabiwa kwa faida yake pale inapokuwa chini ya msimamizi anayetambuliwa na Bodi.